Sakafu ya Pikapu Ikiliwa na Kutu

Mkulima mmoja wa upande wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, ana pikapu ya aina ya Toyota Hilux iliyoundwa miaka ya 1980. Kwa pikapu hiyo amepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, amepeleka viazi sokoni, na amepeleka watoto shuleni mpaka baadhi yao sasa wana watoto wao. Injini yake bado yavuta vizuri, na mwenyewe hataki kusikia habari za kuiuza.

Siku moja walipokuwa wakirudi kutoka sokoni, mjukuu wake aliyeketi katikati aliangusha sarafu ya shilingi 20. Mtoto akainama, akainua mkeka wa mpira ili aitafute. Hakuiona sarafu. Aliona barabara ikipita.

Mzee alisimamisha gari, wakatazama wote. Chini ya miguu ya mkewe palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Ndipo yule mama aliposema jambo ambalo alikuwa amelinyamazia: ya kwamba kwa miezi mingi, kila siku ya soko, kichwa humwuma na roho humchafuka, na siku akienda kwa matatu haoni taabu hiyo. Wote walikuwa wakidhani ni vumbi la viazi.

Halikuwa vumbi. Fundi alipoinua gari alikuta paipu ya ekzosi imepasuka kwenye kiungo, mbele kidogo ya lile tundu, na bati lote la hapo limeingia masizi meusi. Yule mama alikuwa akivuta moshi wa injini safari nzima, kwenda na kurudi.

Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na pua haiwezi kuitambua peke yake. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikisha kushikwa hivyo haiwezi tena kubeba hewa ya uhai. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, na mtu akiendelea kuivuta hulala asiamke. Watoto wadogo na mama wajawazito hudhurika upesi kuliko wengine. Mara nyingi watu husema, "Huyu gari humtapisha tu," na kumbe sakafu imetoboka. Ikiwa abiria wako huumwa kichwa ndani ya gari lako na wakishuka wanapata nafuu, usingoje. Fungua madirisha yote, na gari lisibebe mtu tena mpaka limekaguliwa chini.

Hatari ya pili ni kiti. Katika pikapu nyingi kiti kimefungwa kwa boliti kwenye sakafu hiyo hiyo, na mara nyingi mkanda wa usalama pia. Bati likioza pale penye boliti, siku gari litakapogonga kitu kiti kitang'oka pamoja na mtu aliyekikalia, na mkanda hautakuwa na mahali pa kumshikia.

Kwa hiyo sakafu iliyotoboka si jambo la kufunika kwa zulia.

KUTU HUTOKA JUU

Watu wengi hudhani kwamba sakafu huliwa na matope ya barabarani, yaani kutoka chini. Matope hufanya kazi yake, ni kweli. Lakini mafundi wa bodi watakuambia kwamba sakafu nyingi zimeanza kuoza kutoka juu, kutoka ndani, mahali ambapo mwenye gari hatazami. Chuma kikipata maji na oksijeni pamoja hugeuka kutu. Basi chukua bati, lilowanishe, kisha lifunike kwa zulia nene ambalo halikauki kwa muda wa wiki mbili: umekwisha kuifanyia kutu kitanda.

Maji huingia kwa njia nyingi. Raba ya kioo cha mbele ikizeeka hupasuka, na mvua hupita nyuma ya dashibodi mpaka miguuni. Majani ya miti huziba mifereji iliyo chini ya kioo hicho, na maji yakikosa njia hutafuta njia yao. Milango ina matundu madogo chini yake ya kutolea maji. Yakizibwa na matope, mlango hugeuka debe. Tena kuna raba zinazopitisha nyaya katika ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria. Zikianguka, kila dimbwi unalolipita humwaga maji ndani.

Na sisi wakulima tunaongeza kutu hiyo chakula kingine, nacho ni chumvi. Chumvi ikiingia katika maji huyafanya yale chuma upesi zaidi. Huko Uingereza na kaskazini ya Marekani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magari ya huko huoza mapema kwa sababu hiyo. Sisi hatunyunyizi chumvi barabarani, lakini twaibeba wenyewe kwenye gari. Mfuko wa chumvi ya ng'ombe ukipasuka nyuma ya kiti, punje huingia chini ya zulia na hakuna mtu anayezifuata. Mbolea ya chumvichumvi, hasa ile ya CAN, ni mbaya vile vile. Ina tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Hata siku isiyo na mvua hujilowanisha yenyewe na kukaa juu ya bati kama kitambaa chenye maji. Wenzetu wa Kilifi, Malindi na Lamu wana upepo wa bahari pia, kwa hiyo wao hawana budi kukagua mara nyingi zaidi kuliko mtu wa Nakuru.

Yule mzee wa Kinangop alikuwa akiweka mifuko ya mbolea mbele, upande wa abiria, ili isinyeshewe nyuma. Alikuwa akiilinda mbolea. Hilo ndilo jibu la swali lake, kwa nini upande wa mkewe umeoza na upande wake mwenyewe ni mzima.

KIRAKA CHA KWANZA NDICHO KILICHOHARIBU

Mwandishi wenu alikuwapo siku fundi alipofungua sakafu hiyo. Kwanza alitoa kiti, kisha mkeka, kisha zulia, kisha akakuta lami. Akaikwangua lami, chini yake akakuta kipande cha bati la nyumba kilichopigwa riveti. Akaking'oa, akakuta kipande kingine.

"Mzee," akauliza, "hapa pametengenezwa mara ngapi?"

"Mara tatu," mzee akajibu. "Kila baada ya mvua."

"Na kila mara walikata bati lililooza, au walifunika tu?"

Mzee alicheka kidogo. "Mwanangu, mimi nilikuwa nikiletewa gari limekwisha. Nilikuwa naona lami nyeusi, inang'aa, nasema kazi nzuri."

Hapa ndipo penye shauri kubwa la habari hii. Tundu unaloliona si ugonjwa wote. Ni pale tu ambapo ugonjwa umekwisha kutokeza. Bati linalolizunguka laweza kuwa limebaki jembamba kama karatasi, ingawa rangi yake bado iko. Ukiweka kiraka juu yake, riveti zashika kitu kisichoweza kushika. Tena kati ya kiraka na bati la zamani kuna mwanya, maji huingia hapo yasitoke, na kutu huendelea gizani. Kutu ikisha kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo huvimba na kukisukuma kiraka mpaka kinainuka. Yule mzee alilipa mara tatu, na kila mara tundu likawa kubwa kuliko la kwanza. Alipofika kwa fundi huyu lilitaka kukatwa mahali pa ukubwa wa sinia.

Tena bati la nyumba silo bati la gari. Mabati ya kuezekea mara nyingi ni ya geji 28 au 30, na geji 30 ni kama milimita 0.3 tu. Katika hesabu ya geji namba ikipanda bati hupungua unene, na jambo hili huwakosesha wengi. Sakafu ya pikapu hutaka geji 18, yaani karibu milimita 1.2, au kwa uchache geji 20. Nunua bati jeusi, lisilopakwa zinki. Huuzwa katika maduka ya vyuma kwa shiti la futi 8 kwa futi 4, lakini kwa kazi ndogo uliza kwa mafundi wa jua kali kama watakuuzia kipande. Huko Kamukunji, Nairobi, na katika miji mingine mafundi hupasua madramu ya lita 200 na kuyanyosha. Bati lake ni la unene wa karibu milimita 1, nalo hufaa. Lakini usikate dramu wewe mwenyewe kwa moto wala kwa grinda. Dramu lililokuwa na petroli au mafuta mengine, hata likionekana kavu, lina mvuke ndani, nalo hulipuka kama bomu. Lililokuwa na dawa za shambani usiliguse kabisa.

JINSI YA KUTAZAMA

Kazi ya kutazama yaweza kufanywa na mwenye gari mwenyewe. Toa viti na mazulia yote. Fagia, kisha osha kwa maji matupu uondoe chumvi na mbolea, na uache milango wazi juani mpaka pakauke kabisa. Halafu chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga polepole kila mahali. Bati zima hulia; bati bovu hutoa sauti iliyokufa. Palipo na sauti hiyo, au rangi iliyovimba kama malengelenge, sukuma kwa bisibisi. Ikipenya, afadhali imepenya leo nyumbani. Usiogope kutoboa, maana hapo palikuwa pamekwisha kutoboka.

Tazama hasa pembe za chini ya pedali, mahali visigino vya dereva hukaa, penye boliti za viti na mikanda, na kiungo cha sakafu na kizingiti cha mlango. Weka alama kwa chaki.

Kisha tazama chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi. Jeki ni ya kuinulia gari, wala si ya kulishikilia juu ya mtu. Weka stendi za chuma au magogo mapana yaliyo imara, katika mahali pagumu palipo sawa, na magurudumu yaliyobaki chini uyawekee mawe. Huko chini tazama ekzosi yote tangu injini mpaka mwisho, utafute masizi penye viungo. Tazama pia fremu, yaani zile mbao mbili za chuma zinazobeba gari zima, na mahali ambapo kebini imekaa juu ya fremu hiyo kwa boliti na raba. Kama fremu imeoza, au kizingiti kimeoza hata mlango ukifunguliwa unashuka na haurudi mahali pake bila kuinuliwa, hii si kazi ya kiraka tena. Muulize fundi mwaminifu kama gari hilo lastahili gharama. Wakati mwingine jibu ni hapana, na ni afadhali kulisikia kabla ya kununua bati.

Kabla ya kukata cho chote, tafuta mahali maji yaliingilia. Mtu mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwagie kioo cha mbele maji kwa kopo la kunyweshea miche, kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu. Kisha milango. Kazi hii ni ya nusu saa, na mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja haiulizi. Usipoziba maji, bati jipya litaoza kama la zamani.

Wenye Land Rover za zamani wasichanganye habari hii na gari lao. Mbao nyingi za sakafu za Land Rover zile ni za aluminiamu na zimefungwa kwa boliti. Hufunguliwa na kutolewa. Kinachooza kwao ni ukuta wa mbele na mahali pa kuwekea miguu, ambapo ni pa chuma. Tena chuma kikigusana na aluminiamu penye maji, aluminiamu huliwa, kwa hiyo wasipige riveti za bati la chuma juu ya ubao wa aluminiamu bila kitu cha kuvitenganisha.

KUKATA NA KUCHOMELEA

Fundi yule alianza kwa kufungua betri na kuitoa. Akaondoa nyaya zote zilizopita sakafuni. Akalala chini ya gari akafuata paipu za breki na za petroli kwa mkono wake mpaka akajua zimepita wapi, na moja iliyokuwa karibu akaifungua na kuisogeza. Akaweka ndoo ya mchanga, ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto. Kisha akamwita kijana wake, akamwambia kazi yake siku hiyo ni moja, kutazama chini ya gari kama kuna kitu kinachoshika moto. Lami na rangi nene ya chini ya gari huwaka upesi, na mwenye kuchomelea amevaa kinyago, hawezi kuona. Hata kazi ilipokwisha kijana aliambiwa akae pale pale kwa muda, maana zulia laweza kufukuta polepole na kuwaka watu wakiwa wanakunywa chai.

Alikata kwa grinda yenye jiwe jembamba, amevaa miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua. Kitambaa hicho ni cha lazima, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi la risasi ni sumu. Watoto waliokuja kutazama waliambiwa warudi nyuma, na baadaye vumbi lilifagiliwa likiwa limelowanishwa.

Hakukata kwa kufuata umbo la tundu. Alichora kwa chaki mraba uliopita mbali ya kutu, vidole viwili ndani ya bati zima lenye kung'aa, akaukata na pembe zake akazifanya za mviringo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema pembe kali huanzisha ufa, gari likitikisika kila siku katika barabara mbovu ufa hutembea. Kisha akakata katoni, akaipimia pale mpaka ikakaa sawasawa, na ndipo akaihamisha katoni hiyo juu ya bati jipya na kuchora. Katoni ni bure, bati ni la pesa.

Sakafu ya gari si laini kama meza. Ina mifereji na matuta yaliyopigwa kiwandani. Haya si mapambo. Bati lenye matuta ni gumu, lisilo na matuta hucheza chini ya mguu na kupiga kelele mpaka maungo yake yapasuke. Fundi aliyapiga matuta hayo kwa nyundo juu ya kipande cha paipu na ubao wa mgunga, bila haraka, akipima na kurudia. Kazi hii ilimchukua nusu ya siku, na kwangu mimi ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Fundi asiyetaka kuifanya hukuambia ya kwamba zulia litafunika.

Katika kuchomelea, adui ni joto. Bati jembamba likipata moto mwingi mahali pamoja hujikunja au hutoboka. Mashine ya waya na gesi, ile mafundi huiita migi, ndiyo bora kwa bati la gari. Mashine ya rodi yaweza kufanya kazi hiyo mikononi mwa mtu mwenye ujuzi, akitumia rodi nyembamba za milimita 2 au chini yake na umeme kidogo, lakini fundi wa mageti aliyezoea vyuma vinene atakutobolea sakafu yote. Kwanza kiraka hushikwa kwa vidonda vidogo vidogo: kimoja mbele, kingine nyuma, kimoja kushoto, kingine kulia, ili joto lisikusanyike. Kisha nafasi zilizo kati hujazwa pole pole mpaka vidonda vikutane, na kila mara bati huachwa lipoe kabla ya kuendelea. Mwenye haraka na asimame pembeni.

Kama bati ulilopata lina zinki, zinki hiyo iondolewe kwa grinda palipo na kuchomelewa, na kazi ifanywe penye upepo. Moshi wa zinki ukivutwa humpa mtu homa na kutetemeka usiku ule, na wengi hudhani ni malaria.

Je, riveti hazifai kabisa? Zafaa mahali padogo pasipobeba kitu, mbali na viti, mikanda na kizingiti, kwa mtu ambaye hana mashine karibu. Hata hapo lazima bati bovu likatwe kwanza, kiraka kipakwe gundi ya raba ya kuziba maungo chini yake, na riveti zikaribiane, kama sentimita 3 toka moja hata nyingine. Penye boliti ya kiti au ya mkanda, chomelea, na uongeze bati nene la kuimarisha chini yake kama lile lililokuwapo zamani. Faibaglasi, lami, saruji na mbao, vyote nimeviona katika sakafu za magari ya wakulima. Havishiki boliti.

KUFUNGA KAZI

Chuma kilichotoka kuchomelewa hushika kutu upesi kuliko chuma kingine cho chote. Usikubali gari lirudi nyumbani "likapakwe rangi baadaye". Siku ile ile maungo yasafishwe kwa brashi ya waya na msasa. Penye vijishimo vya kutu visivyotoka, pakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori kama ilivyoandikwa katika chupa yake, na mikono iwe na glavu. Kisha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ambayo mafundi huiita praima, juu na chini. Praima peke yake haitoshi, maana nyingi hupitisha maji. Ikikauka, viungo vyote vizibwe kwa ile gundi ya maungo, halafu rangi ya mwisho ndani, na chini ya gari rangi nene ya kukinga mawe. Ndani ya vizingiti, ambako brashi haifiki, hupulizwa nta au mafuta maalum kupitia matundu yaliyopo. Lakini matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Nimeona fundi mwenye bidii akiyaziba yote, akidhani amefanya vizuri.

Wengine hupaka oili chafu ya injini chini ya gari. Yazuia kutu kidogo, ni kweli, lakini hulainisha na kuharibu raba, hudondoka katika udongo na maji, na si nzuri kwa ngozi ya mtu. Iache.

Kabla kiti hakijarudishwa, ekzosi itengenezwe. Mzee wa Kinangop alitaka kuiacha mpaka mauzo ya viazi yajayo, kwa kuwa tundu limekwisha zibwa. Fundi alikataa kumrudishia ufunguo. Alisema moshi hutafuta njia nyingine, kwa raba za nyaya, kwa milango, hata kwa dirisha la nyuma, maana gari likienda hewa ya nyuma ya kebini huvutwa kuingia ndani. Wakabishana kidogo, kisha mama mwenyewe akasema, "Baba Njeri, lipa." Akalipa.

Mwenye kutaka kupunguza gharama afanye mwenyewe yale yasiyohitaji mashine, yaani kutoa viti na mazulia, kuosha, kutafuta mahali pa maji, kukwangua lami ya zamani, na baadaye kupaka rangi. Amwachie fundi kukata, kufinyanga bati na kuchomelea. Tena apatane naye kwanza maneno haya matatu: bati la geji gani, bati bovu likatwe mpaka wapi, na kwamba mwenye gari aitwe kutazama kabla praima haijapakwa. Fundi mzuri hatakasirika kuitiwa macho. Pikapu kwa kawaida huhesabiwa kuwa gari la biashara, nalo lapaswa kukaguliwa kila mwaka. Kuna faida kwenda mbele ya mkaguzi sakafu ikiwa imekwisha tengenezwa.

Pikapu ya mzee ilikaa kwa fundi siku 4, na siku moja katika hizo ilikuwa ya kungoja rangi ikauke, kwa sababu ya ukungu. Zulia halikurudishwa tena. Sasa kuna mkeka wa mpira tu usiogundishwa, na kila Jumamosi mjukuu huutoa na kuuanika juu ya ua wakati milango ya gari iko wazi. Mbolea husafiri nyuma, juu ya mbao, chini ya turubai, na mfuko ukipasuka huoshwa siku hiyo hiyo. Mama huenda sokoni kama zamani. Nilipomwuliza habari za kichwa alisema amesahau lini kilimwuma mara ya mwisho, kisha akaniuliza kama nina nafasi ya kubebea magunia mawili mpaka Naivasha.